Moshi hadi Arusha kwa kufuata reli, bila kupanda treni

Jumatatu, Moshi

Wiki hii nafuata reli hadi Arusha, nione treni ya kupeleka watu kazini ingewafaa kina nani. Nimeanzia Moshi kwa sababu mji huu wenyewe ulianzia stesheni. Wenyeji wengine hawapendi kuambiwa hivyo, lakini ndiyo historia. Moshi ya kwanza ilikuwa kule juu kwenye migomba, Old Moshi, ambako Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa hapo, mwezi Machi 1900. Reli ilipofika mwaka 1911 haikupanda mlima. Ilikomea huku chini kwenye tambarare, na mji ukashuka kuifuata. Kwa hiyo mtu akiniambia stesheni iko pembeni ya mji, huwa namjibu kwamba mji ndio uliokuja kukaa pembeni ya stesheni, halafu ukaisahau.

Kutoka stendi kuu, ukishawakwepa wapigadebe wa Arusha wanaokushika begi kabla hujasema unakwenda wapi, unafika kwa miguu jua halijakukolea. Honi zinabaki nyuma. Mbele yako kuna jengo, jukwaa la abiria, na utulivu wa siku isiyo ya treni. Mlinzi alikuwa amekaa kivulini na redio yake ndogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Treni si leo."

"Najua mzee. Nimekuja kuangalia stesheni tu."

"Kuangalia ruksa. Picha, mpaka uje na kibali."

Basi nikaangalia. Mwisho wa jukwaa nilichuchumaa kwenye njia yenyewe. Mataruma, yale yanayolala chini ya reli, ni ya chuma, si ya mbao, kingo zake zimekunjwa kwenda chini ili zing'ang'anie kokoto. Kati ya reli na reli ni mita moja kamili. Ukisimama katikati ukatanua miguu unazigusa zote mbili, na hapo ndipo unaelewa ukubwa wa kazi iliyofanywa na njia nyembamba namna hii: mkonge, kahawa, sukari, wanajeshi, wanafunzi wa bweni na masanduku yao ya bati, vyote vimepita juu ya upana wa mita moja.

Reli hii imesuasua tangu kuzaliwa, jambo ambalo hunifariji kidogo nikisikia watu wanalalamika kwamba miradi ya siku hizi haiishi. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, mikononi mwa kampuni binafsi ya Kijerumani. Mwaka 1896 walikuwa wamefika Muheza tu, kilomita 40 hivi, fedha zikakata. Serikali ya kikoloni ikainunua mwaka 1899. Korogwe ikafikiwa 1902, Mombo 1905, Buiko 1909, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18. Piga hesabu, haifiki hata kilomita 20 kwa mwaka. Arusha nayo ikasubiri Waingereza hadi 1929, kilomita nyingine 86. Hizo 86 ndizo nilizokuja kuzifuata wiki hii, kituo kwa kituo, kwa daladala, boda na miguu, kwa sababu kila mtu mjini anaongelea treni ya kupeleka watu kazini na kuwarudisha jioni, na sijakutana na mwenye kuniambia abiria hao watatoka wapi hasa hadi kwenye vituo hivyo.

Jioni nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya njia, anakaa jirani na kota za reli. Tulikaa nje, mkewe akaleta mtori. Yeye alikuwa mtu wa kiberenge, kile kigari kidogo kinachotangulia kukagua njia kabla treni haijapita. Alinisimulia walivyokuwa wanatoka gizani baada ya mvua, tochi mkononi, wanatafuta mahali maji yalipochukua kokoto, wanagonga boliti kwa nyundo na kusikiliza mlio wake.

"Treni ya abiria ilipoacha kuja, watu walidhani reli imekufa," alisema. "Haikufa siku hiyo. Ila ukiwarudisha nyumbani watu wa njia, mvua mbili tu kokoto zimeenda. Na wa vyuma chakavu wakishajua hakuna anayepita, we hesabu boliti."

Abiria walikosa treni huku tangu miaka ya 1990. Iliporudi ilikuja kwa awamu: treni ya mizigo ilifika Moshi Julai 2019, ya abiria kutoka Dar es Salaam ikaja Desemba mwaka huohuo, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Anayewajua Wachaga na Desemba yao ya kurudi nyumbani hahitaji kuelezwa mabehewa yalijaa vipi. Mzee alikwenda stesheni kuipokea, na kitu cha kwanza alichoangalia si kichwa cha treni wala mabehewa yaliyopakwa rangi. Aliangalia kokoto.

Kabla sijaaga alinipitisha kwenye nyumba moja kuukuu ya kota, haina mtu, mlango umefungwa kwa waya. Alitaka nione ukuta. Sehemu ya juu ilikuwa na lipu ya saruji iliyopigwa miaka ya karibuni. Alipoigonga kwa kidole ilitoa mlio wa kitu kitupu. Chini, ilikobanduka, alikwaruza kwa ufunguo ikamwagika chokaa na mchanga, laini, mweupe, mkavu kabisa. Ukuta wa zamani umejengwa kwa chokaa, akasema. Unanyonya unyevu toka chini na kuutoa. Ukiuziba na saruji na rangi ya mafuta, unyevu unakosa pa kutokea, unarudi ndani, lipu inavimba na kudondoka, na fundi anaitwa tena kupiga saruji ileile. Hapo kuna mtu anakula kila mwaka.

Nimelala na hilo. Majengo ya reli ya zama hizo yanaitwa ya kihistoria kwenye hotuba, lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja yale tu yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la baada ya hapo linahitaji kutangazwa rasmi ndipo lilindwe. Reli yote ya Tanga ni changa kuliko mstari huo kwa miaka 30. Stesheni inaweza kukarabatiwa kwa nia njema na ikatoka si yenyewe, vigae vya bafuni sakafuni na madirisha ya alumini, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Jumanne, Kahe

Kahe iko upande wa pili, kurudi Tanga, si njia ya Arusha. Nimekuja kwa sababu hapa ndipo reli iligawanyika, na ukitaka kuelewa kwa nini Arusha ilichelewa na kwa nini kaskazini ikaachwa, lazima upite Kahe.

Joto. Moshi unakuacha na kaubaridi ka mlima, ukishuka huku shati linagandana na mgongo. Mashamba ya mpunga na mahindi, ng'ombe barabarani, watoto kwenye mfereji.

Wakati wa Vita vya Kwanza Waingereza walijenga reli ya haraka kutoka Voi, ikavuka Taveta, ikaja kuungana na ya Wajerumani hapa. Machi 1916 palipiganwa vita hapahapa Kahe. Baada ya hapo reli ya Tanga ikawa na mlango wa pili: mzigo wa Moshi ungeweza kwenda bandari ya Tanga au ya Mombasa. Kwa miaka mingi Moshi na Arusha zilikuwa karibu na Mombasa kuliko Dar es Salaam, maana kipande cha kuunganisha reli hii na Reli ya Kati, kutoka Ruvu kuja Mnyusi, kilikamilika 1963 tu, baada ya uhuru.

Halafu Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Reli ilikuwa mali ya shirika moja la nchi tatu. Ikagawanywa, mpaka ukafungwa, na tawi la Voi likabaki halina kazi. Jumuiya mpya makao yake makuu yako Arusha, upande wa pili wa reli hii hii. Sijui kama wajumbe wanaotua uwanja wa ndege wa KIA kwa mikutano huwa wanaambiwa hilo.

Muuza chai jirani na njia aliniuliza kama mimi ni wa kupima. Kila anayekuja na daftari huku ni wa kupima. Nilimwambia hapana, akapunguza heshima akaongeza sukari.

Jumatano, Rundugai

Fupi hii. Daladala ya Moshi hadi Boma Ng'ombe, kisha boda kushuka kusini. Barabara ya vumbi, na magari ya watalii yanakupita kwenda Chemka kuogelea kwenye zile chemchemi ambazo kila tangazo linasema ni za moto na kila aliyeingia anajua ni vuguvugu tu.

Rundugai ni kituo halali cha treni ya Arusha. Ila kwa treni ya kila siku ya wafanyakazi sioni. Watu wengi wa wilaya ya Hai wako Boma Ng'ombe, Machame na kando ya lami. Reli imepita chini, tambarare, kwa sababu aliyeichora alikuwa anatafuta mahali pasipo na mabonde makubwa ya Weruweru na Kikafu. Hakuwa anatafuta watu. Mito hiyo ikiwa huku chini imetulia kidogo na daraja linakuwa dogo. Mhandisi alikuwa sahihi. Lakini ukitaka mwalimu wa Boma aende kazini Moshi kwa treni, atalipa boda ya kushuka Rundugai inayokaribia nauli ya daladala ya moja kwa moja hadi mjini, na hapo bado hajakata tiketi.

Dereva wangu wa boda, kijana mchangamfu, aliona tatizo tofauti. "Treni ikija mara moja kwa siku mimi sipati kitu. Ikija mara sita, jenga stesheni hata porini, sisi tutawaleta."

Nilimlipa zaidi ya tulivyokubaliana.

Alhamisi, Usa River

Hapa ndipo hesabu inaanza kukubali.

Nilifika alfajiri makusudi, giza bado. Saa kumi na moja na nusu kituo cha Hiace kimeshajaa: wauguzi, mafundi, walinzi wanaobadilishana zamu, wanafunzi, kina mama na ndoo za maziwa. Konda anapanga wanne kwenye kiti cha watatu huku anaapa kwamba amebaki mmoja tu. Nilibanana na dada mmoja muuguzi aliyekuwa anakwenda zamu ya asubuhi mjini. Anatoka nyumbani saa kumi na moja ili aripoti saa moja na nusu. Si kwamba ni mbali, kilomita 20 na kitu tu. Ila kutoka Usa hadi Tengeru barabara ni ileile ya njia mbili, lori la mpakani Holili mbele, trekta nyuma yake. Njia nne zinaanzia Tengeru, zile kilomita 14 za Tengeru hadi Sakina, na zilipofunguliwa wote tulidhani foleni imekwisha. Imehama tu, sasa inatusubiri tukiingia mjini.

"Kungekuwa na treni ungepanda?" nilimuuliza.

"Kaka, mimi napanda chochote chenye saa. Hiace haina saa, ina kujaa."

Baadaye, jua limepanda, nilirudi Usa na kwenda kuitafuta stesheni. Haionekani kutoka lami, ila si ya kutisha. Boda fupi, au mwendo wa miguu kwa mwenye viatu vizuri. Nyasi zimekatwa, njia inang'aa pale magurudumu yanapogusa, dalili kwamba inatumika. Nilikaa kwenye kivuli nikapiga hesabu yangu.

Treni ya kilomita 40 kwa saa, ikisimama mara mbili tatu, inatumia dakika 45 kutoka hapa hadi Arusha. Mwendo huo reli ya zamani ikitunzwa inaumudu, hauhitaji muujiza. Shida ni kwamba njia ni moja. Treni ikienda na kurudi, na muda wa kushusha na kupakia, ni kama saa mbili. Wenye kukosa ile ya saa kumi na mbili wakiambiwa nyingine ni saa mbili, watarudi kwenye Hiace na hawatakuja tena. Kwa hiyo zinatakiwa treni mbili na mahali pa kupishana katikati, njia ya pembeni ya mita mia kadhaa na pointi mbili, zile za kuhamishia treni kutoka njia moja hadi nyingine, zinazofanya kazi. Hicho ndicho kitu cha kwanza cha kudai. Kabla ya viti vya rangi, kabla ya skrini za matangazo.

Na hatuanzi kutoka sifuri. Dar es Salaam walifanya hivyo Oktoba 2012: walichukua reli ileile kuukuu, mabehewa yaliyokarabatiwa, wakaanzisha safari za asubuhi na jioni kati ya Ubungo na Stesheni, na upande wa TAZARA hadi Mwakanga. Wananchi wakaiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Harrison Mwakyembe. Ilikuwa na kasoro zake, joto na msongamano, lakini haikusubiri njia mpya ijengwe. Watu waliipanda kwa sababu ilipita katikati ya foleni bila kusimama.

Ijumaa, Arusha

Kutoka Moshi, mita 800 hivi juu ya bahari, reli imepanda hadi 1,400, na hapa imekwisha. Arusha ni mwisho wa njia. Kwa treni ya abiria wa mjini huo ni uzuri na ubaya. Uzuri, kwa sababu treni inaingia hadi kusini tu ya barabara ya Sokoine, jirani na Unga Limited, yaani mtu anashuka na kutembea hadi sokoni au ofisini. Ubaya, kwa sababu mji wa leo umekua kuelekea magharibi na kaskazini, Ngaramtoni, Sakina, Kisongo, na huko hakuna hata taruma moja.

Niliingia stesheni asubuhi, safari hii na kibali mkononi, karatasi yenye muhuri ambayo hakuna aliyeomba kuiona. Jengo limetunzwa kuliko nilivyotarajia. Nililigonga ukuta kwa kidole, tabia niliyoambukizwa Moshi. Kaunta ya tiketi, ubao wa nauli, mabenchi. Mfagiaji alikuwa anafagia jukwaa safi ambalo jana halikukanyagwa na mtu, na nilipomsalimia alisema kazi yake ni nzuri ila ina upweke. Siku za treni, alisema, hafagii. Siku hizo anaokota chupa hadi mkono unauma, na hizo ndizo siku anazozipenda.

Mbele ya hapo nilitembea kando ya njia kurudi nyuma, upande wa viwandani. Hifadhi ya reli mjini ni mita 15 kila upande, nje ya mji 30. Kwenye karatasi. Kwenye ardhi kuna gereji, kuna mama anakaanga mihogo, kuna nguo zimeanikwa, kuna njia za miguu zinazokatiza reli kila hatua hamsini kwa sababu watoto wa shule wanapita hapo. Miaka yote treni isipokuja, watu hawakukosea kuona uwanja mtupu. Kijana mmoja fundi baiskeli aliniambia ameshazoea: treni ya mizigo ikipiga honi anasogeza meza, ikipita anairudisha. "Mara mbili kwa wiki nasogeza, chalii wangu. Wakisema kila saa, hapo niambieni niende wapi."

Swali lake ndilo gumu kuliko ya kihandisi yote. Treni za kila saa kwenye njia isiyo na uzio na vivuko visivyo na mtu wa kufunga geti ni ajali zinazosubiri tarehe. Nani anaondolewa, analipwa nini, anapelekwa wapi, vivuko vingapi vinabaki: hayo yakifanywa kwa alama ya X nyekundu na greda, mradi utachukiwa kabla haujabeba abiria wa kwanza.

Mchana nilikula na rafiki anayefanya kazi za ujenzi, na kama ilivyo kwa watu wote wa Arusha siku hizi alinipeleka moja kwa moja kwenye SGR. Serikali ina mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma, na tangu treni ya umeme ilipoanza Dar hadi Morogoro Juni 2024, na miezi miwili haikuisha ikawa Dodoma, hakuna anayeona mpango huo ni ndoto. Yeye anasema kukarabati reli ya mita moja sasa ni kushona viraka kwenye suruali ya kutupa. Halafu kuna AFCON 2027 na uwanja mpya wa Olmoti wa watu 30,000. Kwa nini tuwabebe wageni kwenye kitu cha Wajerumani?

Simkatai kuhusu SGR. Ninakataa anapodhani itafanya kazi ya treni ya Usa River. Njia ya upana wa milimita 1,435, ya mwendo kasi, inahitaji kona pana na eneo kubwa, na stesheni zake mara nyingi zinakaa nje ya mji. Ya Morogoro iko Kihonda, na abiria wa mjini anahitaji gari kuifikia. Hiyo ni ya kumpeleka mtu Tanga au Dar. Muuguzi wa Usa anahitaji kushuka karibu na zamu yake. Kitu ambacho mkoloni alituachia bila kukusudia ni njia ya reli inayoingia hadi katikati ya mji, hifadhi ambayo leo huwezi kuinunua kwa pesa yoyote. SGR ikija ikapita pembeni na njia hii ikang'olewa, au ikaachwa hadi gereji zikutane katikati, hakuna atakayeweza kuirudisha.

Kwa hiyo msimamo wangu, kwa yeyote anayeandika mapendekezo: achana kwanza na Moshi hadi Arusha yote kwa treni ya kazini. Kilomita 86 za kupanda, kituo cha katikati mbali na watu, mabasi yatakushinda kila asubuhi. Anza na Usa River hadi Arusha. Weka njia ya kupishana. Fungua vituo vidogo viwili vitatu, hata vya bati, palipo na watu, usilazimishe vile vya 1929. Stesheni za Moshi na Arusha zikarabatiwe kwa chokaa na fundi anayejua chokaa, na jengo lipewe kazi, duka la magazeti, mama lishe, ofisi ya mabasi, choo kinachofunguliwa. Ya Moshi itabaki na treni zake za safari ndefu, na haipungukiwi kitu.

Rafiki yangu alisema nimeongea kama mtu mwenye hisa kwenye chokaa. Alilipa chakula lakini.

Jumamosi, Tengeru

Soko la Tengeru linakaa Jumatano na Jumamosi. Nilitaka kumalizia hapa kwa sababu wiki nzima nimeongea na watu wa kazi za mshahara, na barabara hii haijazwi na mshahara peke yake.

Saa mbili asubuhi soko limeshawaka. Ndizi za kila aina, parachichi, matenga ya nyanya, magunia ya vitunguu kutoka tambarare ya chini, zile zile sehemu reli inakopita. Vimekuja kwa Fuso na Kenta, vimepita juu ya barabara kuu, vimelipiwa kila gunia. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, ana tenga la nyanya alilolifunika na majani ya mgomba, anakata bei na mteja bila kumwangalia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyanya?"

Nilinunua kidogo, kisha nikamuuliza habari ya treni. Alikuwa ameisikia. Akaniuliza maswali ambayo hayakuwemo kwenye daftari langu: inasimama dakika ngapi, maana kupandisha matenga manne si kama kupandisha mkoba, mlango wake una upana gani, mzigo unalipiwa kwa kilo au kwa kuangaliwa na macho, ukikosa ya jioni unalala wapi na nyanya. Na stesheni ikiwa kule chini kusini, nani atabeba toka kule hadi hapa sokoni.

"Wao wanasema ianze saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia wengi wanataja saa kumi na mbili, ili watu wawahi ofisini.

Alicheka. "Saa kumi na mbili mimi nimeshauza tenga la kwanza. Hiyo waachie wa ofisini. Mimi nataka ya saa kumi alfajiri."

Nikaandika: saa kumi alfajiri, behewa moja lisilo na viti, mlango mpana.

Akachungulia daftari. "Andika mawili. Jumamosi moja halitoshi."